Mtu wa Nyuma

Mnyororo wa pikipiki ukianza kulegea, anayeendesha huwa wa mwisho kujua. Upepo umemjaa masikioni, na ule mlio mdogo wa chuma kugusa chuma unabaki nyuma yake. Ndiyo maana sisi wazee, tulipokuwa watano, hatukufuatana ovyo. Mwenye sikio kali alikaa nyuma. Alikuwa fundi, mzaliwa wa Uvira, na kutoka kambi ya Dzaleka, Malawi, hadi mtaa wa Kawale mjini, kilomita zipatazo 45, alisikiliza injini nne zisizo zake. Akipiga honi mara mbili, sote tulisimama. Yeye ndiye aliyejua ni ya nani inayoumwa.

Sasa naenda peke yangu. Nina miaka 66.

Kuendesha nilijifunza Fizi, Kongo, mwaka 1984, nikiwa mchanjaji. Nilikabidhiwa Yamaha na sanduku la barafu lenye chanjo za surua, nikatumwa vijiji vya kando ya Ziwa Tanganyika. Mito inayoshuka milimani huko, Mutambala na wenzake, ndiyo iliyonifundisha. Ukiingia majini usiachie mafuta: injini ikiendelea kupumua kwa nguvu, maji hayapati upenyo wa kuingia kwenye ekzosi. Ukisita katikati, utasukuma hadi ng'ambo, ufungue plagi, upige kiki mpaka maji yote yatemwe, kisha ungoje jua. Mchanga nao hautaki mabavu. Mgeni huukaza usukani, na usukani unamtupa. Mzoefu hulegeza vidole, hurudi nyuma kidogo kitini, hutazama mbali, akaliacha gurudumu la mbele lijitafutie njia. Haya hayafundishiki kwa mdomo. Mwili unayajua kabla ya kichwa, na siku kichwa kinapojaribu kuusimamia mwili ndipo unapoanguka.

Oktoba 1996 vita vilipofika Uvira, pikipiki ile ilibaki, mimi nikavuka ziwa kwenda Kigoma. Baada ya miaka kadhaa ya kambi za Tanzania niliingia Malawi kupitia mpaka wa Songwe, nikafika Dzaleka, mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa siasa enzi za Rais Banda kabla ya kufanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Leo tumo humo zaidi ya 50,000.

Kongo tunaendesha kulia, sawa na Burundi na Rwanda. Malawi ni kushoto. Watu hudhani ni jambo la kukumbuka tu, lakini alfajiri, barabara ikiwa tupu, ukitoka kichochoroni mikono inakurudisha ulikozaliwa. Mara mbili nilijikuta uso kwa uso na lori. Aliyeniponya ni jirani wa Kawale, Mmalawi wa rika langu, aliyeniita *achimwene*, yaani kaka, tangu siku ya kwanza. Hakunihubiria sheria za barabarani. Alinishika mkono wa kushoto akasema: mkono wa klachi uwe upande wa majani, mkono wa mafuta upande wa magari. Tangu siku hiyo sijakosea.

Pikipiki yangu ni ya Kichina, cc 125, lakini injini yake ina asili ya Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976. Fundi wetu aliipenda habari hiyo na kuisimulia kila alipomwaga oili. Wahandisi wa Honda walikwenda kutazama jinsi pikipiki zinavyotumika katika nchi kama zetu: mizigo kupita kiasi, vumbi, oili isiyobadilishwa. Wakakuta mnyororo mdogo wa ndani ya injini unaliwa. Badala ya kutulaumu, waliuondoa, wakaweka vijiti vya chuma visukume vali. "Hao walituheshimu," alikuwa akisema, na sijawahi kusikia sifa kubwa zaidi kutoka kinywani mwake.

Fundi alifariki wakati wa baridi, miaka minne iliyopita. Mwalimu Mrundi, aliyekuwa anatutangulia kwa sababu ya subira yake, alipata ndege kwenda Kanada. Hunitumia sauti kwenye simu akiniomba niwashe injini karibu na kipaza sauti, basi. Naiwasha. Mwenye duka pale Kawale aliuza pikipiki yake mwaka 2023, serikali ilipoamuru wakimbizi waliokuwa mijini warudi kambini. Iliondoka wiki moja na friji. Yule jirani ameingiwa na mtoto wa jicho. Pikipiki yake iko uani, wajukuu wanaipanda ikiwa imesimama, na nikipita kumjulia hali huniuliza kwanza juu ya tairi zangu ndipo aulize habari za nyumbani.

Wanangu wanasema, Baba, inatosha. Nawaelewa. Usiku nimeuacha, maana taa za wanaokuja zinanipofusha. Mvua kubwa nimeiacha. Goti la kulia linanikumbusha kila ninapopiga kiki. Ila ujuzi wenyewe haujapungua, nami nalisema hili bila kujisifu: nasoma lami vizuri kuliko nilivyoisoma nikiwa na miaka 30. Msimu wa tumbaku, malori yakielekea mnadani Kanengo, najua kwamba upepo wa lori hukusukuma kwanza kisha hukuvuta. Vijana wa kabaza, wanaobeba abiria, hupambana nao. Mimi nalegeza mabega, unapita.

Lililokuwa gumu ni sikio la nyuma. Miezi ya mwanzo ya upweke nilikuwa nageuka geuka, jambo la hatari kuliko mnyororo wowote. Nikaamua kusimama njiani, Lumbadzi, kila safari, hata kama sijasikia kitu. Nazima injini, nainamisha mgongo, nausukuma mnyororo juu na chini kwa kidole. Ukicheza kwa upana wa vidole viwili, ni mzima. Kisha nazungusha gurudumu nipime tena, kwa sababu mnyororo hauliki sawasawa, na fundi hakuwahi kuamini kipimo kimoja.

Jumanne iliyopita ulicheza vidole vitatu. Nilitoa spana, ile ile aliyoniachia, nikalegeza ekseli, nikavuta pande zote mbili kwa kipimo kimoja, nikakaza. Nilifuta mikono kwa majani. Nikavaa kofia, nikapiga kiki mara mbili, nikangoja injini itulie, kisha nikarudi barabarani, mkono wa klachi upande wa majani.