Daftari la Wenye Mali

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na mtu asiye na mali je? Swali hili limenisumbua tangu marehemu mama mkwe wangu, ambaye ukoo wake ni wa Ireland, aliponiachia nakala ya cheti cha ndoa cha mama wa babu yake, aliyeolewa mwaka 1866. Alitaka kujua binti yule aliishi wapi kabla ya kuolewa.

Cheti kina safu ya makazi wakati wa ndoa, na humo limeandikwa jina la kitongoji. Jamaa wote hukiita kitongoji hicho kwao. Nadhani wamekisoma vibaya. Safu ile hujibu swali "unakaa wapi?", haijibu "kwenu ni wapi?" Safu ya kazi inasema alikuwa mtumishi, na mtumishi aghalabu hulala kwa mwajiri.

Sensa za 1821 hadi 1851 karibu zote ziliteketea Dublin mwezi Juni 1922. Ndiyo maana watafiti hukimbilia Makadirio ya Griffith, yaliyochapishwa kati ya 1847 na 1864, wakiyafanya badala ya sensa. Ni kazi ya kusifiwa: kitongoji kwa kitongoji, jina la mshika shamba, aliyempangisha, ukubwa wa ardhi na thamani yake. Lakini ni daftari la kodi. Halikuhesabu wake, watoto wala watumishi. Nilimtafuta binti humo majuma mazima. Kosa lilikuwa langu, si la kitabu.

Njia ilikuwa kwenye cheti chenyewe: jina la baba. Nikamtafuta baba katika Makadirio, nikampata parokia ya jirani. Kisha nikafungua rejesta za Kikatoliki, ambazo Maktaba ya Taifa ya Ireland iliziweka wazi kwa wote mwaka 2015. Humo yumo mtoto aliyebatizwa, jina lake na la baba yakilingana, na miaka pia. Si ushahidi kamili, maana majina ya huko hujirudia mno.

Jamaa wananilaumu kwamba nimewanyang'anya kijiji chao. Hata hivyo, kwenye karatasi ya ukoo nimeandika vitongoji viwili: kimoja "alipokuwa akifanya kazi", cha pili "yamkini kwao".