Poulantzas na Foucault: Upinzani Wasimama Wapi?

Mfasiri wa Kiswahili atakayekutana na neno la Kifaransa pouvoir hana budi kusita. Tunayo mamlaka, enzi, nguvu na uwezo, na kila moja lavuta upande wake. Mamlaka ni la asili ya Kiarabu na lina harufu ya milki. Uwezo latokana na kuweza. Neno la Kifaransa nalo ni kitenzi cha kuweza kilichogeuzwa jina, na yamkini hapo ndipo pa kumwingilia Michel Foucault, ambaye wengine walimtia katika kundi la baada ya umuundo. Wafuasi wengi wa Marx walipotaja mamlaka walidhani kitu kinachomilikiwa na tabaka na kuhifadhiwa katika dola. Yeye aliona tendo.

Kitabu chake Surveiller et punir, cha mwaka 1975, chaanza na mateso ya Damiens, aliyeuawa hadharani mjini Paris mwaka 1757 kwa kumchoma mfalme kisu. Kisha msomaji aongozwa mpaka kwenye ratiba ya gereza, na mnara wa Bentham, ambao mfungwa hajui kama ndani yumo mtu anayemtazama au hayumo. Mamlaka, asema, hayakai katika kiti kimoja. Yamo gerezani, shuleni, kambini na kiwandani, wala hayazuii tu, bali huwaumba watu. Haya si mageni kabisa kwa msomaji wa Marx. Foucault mwenyewe ategemea maelezo ya Das Kapital juu ya ushirikiano wa kazi, tena ataja utafiti wa Rusche na Kirchheimer wa mwaka 1939, uliofungamanisha adhabu na mahitaji ya kazi.

Aliyemjibu kwa uzito ni Nicos Poulantzas, Mgiriki aliyefundisha Paris, katika L'État, le pouvoir, le socialisme cha mwaka 1978. Auliza: kama mamlaka yamejaa kila mahali, na upinzani daima umo ndani yake, huo upinzani watoka wapi? Kusema kwamba hufuatana na mamlaka ni kudai, si kueleza. Kwa Poulantzas msingi upo, nao ni unyonyaji: mtu anayenyang'anywa ziada ya kazi yake ana sababu ya kukataa. Dola nayo si chombo mkononi mwa mabepari wala si ngome. Ni uhusiano wa nguvu baina ya matabaka, ulioganda ukawa ofisi, sheria na polisi. Ndiyo maana mapambano ya watu hupita ndani yake.

Tena alimlaumu Foucault kwa kuiacha silaha nyuma ya ratiba. Hapa naona ana haki. Nchi yake ilitawaliwa na makanali tangu 1967 hadi 1974, na tarehe 17 Novemba 1973 kifaru kilivunja lango la Polytechnic ya Athens wanafunzi wakiwa ndani. Nidhamu ya kengele na daftari haielezi lango lile.

Lakini ushindi huu si wa bure. Katika kitabu chake cha 1968 Poulantzas aliieleza dola kama muundo wenye kazi ya kuishikamanisha jamii. Miaka kumi baadaye imekuwa uhusiano. Sidhani angefika huko kwa Marx peke yake, na kwa kweli akubali kwamba alichoandika mpinzani wake juu ya mwili na nidhamu kina thamani. Akubali pia kwamba mamlaka yapita mipaka ya matabaka, kwa mfano baina ya mume na mke. Alisema hivyo upesi mno akaendelea na safari. Mke anayepigwa nyumbani kwa mfanyakazi ana sababu ya kukataa ambayo ziada ya kazi haiigusi, na kwake swali lile lile alilomtupia Foucault lamrudia Poulantzas: huyu asimame juu ya nini?

Poulantzas alifariki mwaka 1979. Mihadhara ya Foucault ya 1978 na 1979 juu ya ufundi wa kutawala haikutoka kitabuni ila mwaka 2004. Humo dola yashughulikiwa kwa urefu, ingawa bado akataa kuanza na nadharia yake; na juu ya msingi wa upinzani, mwenye kutafuta jibu kwa Poulantzas hatalipata humo.