Mwalimu Mmoja, Mwanafunzi Mmoja: Uhakiki wa Hukumu ya Delhi juu ya Kunakili Vitabu Chuoni

Kesi iliyofunguliwa katika Mahakama Kuu ya Delhi, India, mnamo Agosti 2012 aghalabu husimuliwa kama ugomvi wa bei. Upande mmoja walikuwapo wachapishaji watatu wenye nguvu: Oxford University Press, Cambridge University Press na Taylor & Francis. Upande wa pili kulikuwa na duka dogo la fotokopi, Rameshwari, lililokuwa ndani ya viwanja vya Chuo Kikuu cha Delhi, pamoja na chuo chenyewe. Masimulizi hayo si ya uongo, ila yanamwachia msomi wa lugha makapi. Kesi hiyo iliamuliwa kwa sarufi, na ni kwa sarufi yake inapofaa kuhakikiwa.

Yaliyotendeka si mageni kwa mhadhiri yeyote. Walimu walipanga orodha za sura na kurasa zilizohitajiwa katika somo. Duka likazinakili kutoka katika vitabu, likazifunga pamoja na kuwauzia wanafunzi kwa malipo madogo ya kila ukurasa. Wachapishaji walidai kwamba huo ulikuwa uvunjaji wa hakimiliki, na kwamba njia halali ilikuwa chuo kichukue leseni ya kunakili kutoka kwa shirika linalokusanya malipo kwa niaba ya wenye haki. Oktoba 2012 duka lilizuiwa kwa muda. Tarehe 16 Septemba 2016 Jaji Rajiv Sahai Endlaw aliitupa kesi. Tarehe 9 Desemba mwaka huohuo jopo la majaji wawili lilikubaliana naye katika jambo la msingi, likarudisha swali la ushahidi: je, kurasa zilizonakiliwa zilihitajiwa kweli na somo? Machi 2017 wachapishaji waliiondoa kesi yao.

Shina la yote ni kifungu cha 52 cha Sheria ya Hakimiliki ya India ya mwaka 1957. Kifungu hicho chasema kuwa si uvunjaji wa haki endapo kazi itanakiliwa na mwalimu au mwanafunzi katika mwendo wa mafunzo. Wachapishaji walishikilia umoja wa nomino: mwalimu mmoja, mwanafunzi mmoja, ana kwa ana. Mahakama ilijibu kwa sheria ya tafsiri ya mwaka 1897, inayoagiza kuwa umoja katika maandishi ya sheria uhesabiwe kuwa na wingi ndani yake. Jibu hilo ni sahihi, lakini ni jibu la mtu aliyelazimika kwenda kuazima. Lau kifungu kingeandikwa kwa Kiswahili, mahakama isingehitaji kuazima chochote. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hakuna msikilizaji auulizaye ni mtoto yupi. Kiambishi cha umoja katika ngeli ya watu hubeba aina nzima bila ya taabu, na maana hiyo huamuliwa na kitenzi na muktadha.

Ugumu wa kweli umo katika maneno yanayofuata. Jaji Endlaw alitambua kuwa watunga sheria walichagua neno la mafunzo wakaliacha neno la mhadhara, na kwamba mwendo wa mafunzo, kama ulivyo mwendo wa ajira katika kesi za watumishi, huanza kabla ya kengele ya darasa na huendelea baada yake. Kutayarisha somo ni mafunzo. Kujisomea baada ya somo ni mafunzo pia. Hapa ndipo mfasiri wa Kiswahili anapopaswa kusimama kidogo. Akiandika "wakati wa kufundisha", amewapa wachapishaji ushindi, kwani wakati una mwanzo na mwisho na saa ukutani. Akiandika "darasani", amewafungia wanafunzi nje kabisa. Akiandika "kwa ajili ya kufundisha", amefungua mlango hata kwa mfanyabiashara anayenakili kitabu kizima cha kiada na kudai kuwa nia yake ni elimu. "Katika shughuli za ufundishaji" ndiyo tafsiri iliyo karibu zaidi na hukumu, ingawa nayo yamweka mwalimu mbele na mwanafunzi nyuma. Tafsiri nne, na angalau matokeo matatu mbalimbali mahakamani. Wanaodhani kuwa kutafsiri sheria ni kazi ya kutafuta istilahi tu wangefaa kuanza na kirai hiki.

Hata istilahi yenyewe haina uadilifu kamili. Kiingereza hutaja haki hii kwa kitendo cha kunakili; Kifaransa huitaja kwa mtunzi. Kiswahili, katika neno "hakimiliki", kimeitaja kwa umilikaji, kana kwamba kitabu ni shamba lenye ua. Anayeingia katika mjadala wa leseni akiwa na neno hilo mdomoni amekwisha kukubali nusu ya hoja ya wachapishaji. Leseni ni ruhusa ya kufanya jambo ambalo sheria imemhifadhia mwingine. Pale ambapo sheria imeacha nafasi kwa ufundishaji, hakuna cha kuruhusiwa. Uingereza iliamua vingine: chini ya sheria yake ya mwaka 1988, nafasi ya vyuo kunakili vipande vya vitabu hukoma pale leseni inapopatikana, na chuo kikijua au kikipaswa kujua kuwa ipo. India haikuweka sharti kama hilo, na mahakama haikukubali kuliingiza kwa mlango wa nyuma.

Kwa hayo hukumu yastahili sifa. Lakini ina pengo, nalo ni kubwa kwa idara za lugha za Kiafrika kuliko kwa wengine. Jopo lilihoji kuwa mwanafunzi si mnunuzi wa vitabu vyote vya rejea. Asiponakili, atakwenda maktabani, hatakwenda dukani. Kwa kitabu cha uchumi kilichochapishwa Oxford na kuuzwa dunia nzima hoja hii yasimama. Je, kitabu cha fonolojia ya Kiswahili? Msomaji wake mkubwa, na mara nyingine msomaji wake wa pekee, ni yule yule mwanafunzi wa idara. Mwandishi wake hana soko jingine la kufidia darasa. Kilicho kipande kidogo cha soko huko ndicho soko zima hapa. Mahakama ilipima hasara kwa mizani ya vitabu vikubwa, na mizani hiyo haioni uzito wa vitabu vidogo. Hoja hiyo ikihamishwa ilivyo hadi Nairobi au Eldoret, anayeumia kwanza si mchapishaji wa ng'ambo bali mwenzake mhadhiri katika chumba cha pili.

Lakini leseni ya jumla nayo, ile inayotozwa chuo kizima kwa hesabu moja, haimsaidii mwandishi huyo mpaka ijulikane ni kitabu chake kilichonakiliwa. Chama cha KOPIKEN kiliundwa Kenya ili kusimamia haki za kunakili kwa niaba ya waandishi na wachapishaji. Swali linalopaswa kuulizwa juu ya kila leseni ya namna hii ni jinsi inavyohesabu kurasa za Kiswahili, kabla ya lile la kiasi inachotoza.

Na sheria ya Kenya ina fumbo lake la kisarufi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 iliruhusu kuingiza katika mkusanyo wa shule au chuo kikuu vipande visivyozidi viwili, vifupi, vya kazi moja, almuradi chanzo kitajwe. Aliyeandika hayo alikuwa na nathari akilini. Chukua Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyotolewa na Oxford University Press mwaka 1973. Kazi ni ipi: diwani au shairi? Ikiwa ni diwani, mhadhiri aweza kunakili mashairi mawili mafupi, yakiwa kamili. Ikiwa ni shairi, aweza kuchukua beti chache za hapa na chache za pale, na mwanafunzi ataombwa ahakiki muwala wa shairi ambalo hajaliona likiwa zima. Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein hali yake ni ngumu zaidi, maana mgogoro wake haukatwi vipande viwili ukabaki mgogoro. Kwa kazi ya namna hiyo mhadhiri hubaki na njia mbili: nakala za kutosha zinunuliwe, au leseni ipatikane ambayo mgawo wake utamfikia mtunzi kwa jina lake.