Nusu ya Hadithi

Rafiki yangu anayefundisha shule moja ya msingi nje kidogo ya mji wa Masasi aliniomba nimsaidie kusahihisha insha za darasa la sita. Zilikuwa 43, zote na kichwa kimoja: "Siku Ambayo Sitaisahau". Nilikaa nazo kibarazani kwake jioni, majabali ya Masasi yakipoa mbele yangu. Nilipofika ya saba nilirudi kuangalia jina la mwandishi, nikidhani nimeshaisoma. Ilikuwa siku ya Jumamosi, majira ya asubuhi, jua likichomoza na ndege wakiimba nyimbo nzuri. Ilikuwa hivyo kwa wote. Wote walisafiri kwenda kwa shangazi mjini, wote waliponea chupuchupu katika ajali ya basi, wote walimshukuru Mungu mstari wa mwisho. Herufi kubwa zilikuwa mahali pake, nukta zilikuwa mahali pake. Kalamu nyekundu haikuwa na kosa la kuzungushia, na mimi nilikuwa na uchungu nisiojua niuandike wapi.

Katika insha ya 31 aya nzima ilikuwa imefutwa kwa raba, ikaandikwa upya juu yake. Nililiinua daftari kuelekea mwanga. Chini ya basi lililopinduka, penseli ya kwanza ilikuwa bado inasomeka: siku hiyo mvua ilimkuta mtoto huyu juu ya mkorosho, akalikumbatia shina, akaweka sikio kwenye gome, akasikia mti unakunywa.

Akafuta.

Mimi nilikulia Newala, ukingoni mwa Uwanda wa Makonde, pale ardhi inapokatika ghafla na bonde la Ruvuma likalala chini kabisa, ng'ambo yake Msumbiji. Genge hilo watu huliita Shimo la Mungu. Anayeujua uwanda ule anaijua na shida yake: mchanga unameza mvua yote, juu hakuna mto, maji yako chini ya mteremko. Mradi wa maji wa Makonde ulianza tangu enzi za Mwingereza, miaka ya 1950, lakini utotoni mwangu bomba la kwetu liliweza kukoroma majuma mazima bila kutoa tone. Basi tulishuka na Bibi, mama yake mama, kabla hakujapambazuka; wajukuu watano, kila mmoja na chombo cha kimo chake.

Bibi alisimulia wakati wa kushuka. Vyombo vitupu, miguu myepesi, sauti yake ikitangulia gizani. Aliileta hadithi mpaka kwenye fundo: sungura yumo pangoni na simba anarudi, binti ameahidi kutokifungua kibuyu, na kibuyu kinamwita kwa jina. Hapo ndipo tulipofika kisimani, na hapo ndipo aliponyamaza. Hakumalizia hata siku moja. Tulichota kwa zamu, akatutandikia majani juu ya maji yasimwagike, akatukazia kata vichwani, tukaanza kupanda.

Wakati wa kupanda hakuna aliyesema neno. Kwenye mwinuko ule, na ndoo kichwani, pumzi yote ni mali ya magoti. Ulibaki na nusu ya hadithi ndani ya kichwa na maji juu yake. Kibuyu kiliendelea kuita. Nami, kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine ila kuinua mguu, nilimfungulia yule binti kibuyu mara kumi: kikatoka moshi; akatoka mama yake aliyekufa; ukatoka mto, ukapanda genge lote hadi mlangoni kwetu, tusishuke tena. Kule juu palikuwa na jiwe bapa. Bibi aliketi hapo, akanyoosha miguu, akamgeukia mdogo wetu kwanza.

"Halafu?"

Kila mmoja alitoa mwisho wake. Bibi hakusema huu ndio wala huu sio. Swali lake la pili ndilo lililotutoa jasho kuliko mlima. "Huo mto ulikuwa na harufu gani?" Aliyejibu harufu ya maji alirudishwa: maji ya wapi, yaliyolala chini ya majani au yanayopita juu ya mawe? Ukikosa jibu alikwambia, bila hasira, "Hukufika huko. Kesho ufike." Nimeandika kwa miaka mingi, nimeketi katika semina za waandishi na kusikia mafunzo ya kila aina, na bado nikikwama ukurasani najiuliza swali hilo hilo. Mara nyingi nagundua kwamba sikufika.

Si ajabu kwamba swali lile lilizaliwa kwenye uwanda ule. Wamakonde wana ngano ya asili yao, ambayo Wajerumani waliiandika mwanzoni mwa karne ya 20. Inasema katika vichaka vya Mahuta alikuwapo mtu mmoja, peke yake, haogi wala hanyoi. Akachonga mti kwa umbo la mtu, akausimamisha nyumbani kwake, na usiku ukawa mwanamke. Wakashuka Ruvuma, mtoto wao akazaliwa mfu. Wakaenda bonde la Mbwemkuru, ikawa vile vile. Wakarudi juu, Mahuta, na wa tatu akaishi. Wengi huitaja ngano hii wakieleza kwa nini Wamakonde ni wachongaji, au kwa nini wamejenga mbali na mito. Mimi hunisimamisha mapema zaidi, kabla tezo haijagusa mti. Yule bwana hakuwahi kuona mwanamke. Alimtoa wapi?

 Mtafiti Mjerumani, Karl Weule, alikuja Masasi na Newala mwaka 1906 na mashine ya kunasa sauti kwenye nta, akawagawia watu penseli na karatasi wamchoree. Michoro hiyo imo kitabuni mwake. Kila nikiitazama naona mikono isiyozoea penseli ikichora kilichomo kichwani, kwa sababu hapakuwa na kielelezo cha kunakili.

Leo vielelezo vimejaa. Vijitabu vya insha za mfano vinauzwa stendi pamoja na karanga, na mtoto anakariri Jumamosi ya mtu asiyemjua. Maswali mengi ya mtihani wa kumaliza shule humpa majibu yaliyokwisha kutungwa, yeye atie kivuli moja. Nyumbani hadithi humfikia nzima, ndani ya simu, simba akiwa na sauti na rangi aliyopewa na watu wa mbali. Ndoo siililii, nimeziona shingo za mama zetu, na maji ya bomba ni haki waliyocheleweshewa mno. Kinachoniuma ni kwamba tulipouondoa mlima tuliiondoa na ile saa ya ukimya, na hatukumpa mtoto saa nyingine badala yake. Tunaogopa akinyamaza. Tunadhani anachoka, tunamwashia kitu.

Bibi alipofariki tulikutana wote matangani. Usiku wa pili mmoja akakitaja kibuyu, na ndipo tulipogundua kwamba hakuna kati yetu aliyewahi kuusikia mwisho wa Bibi mwenyewe. Binamu yangu, dereva wa lori la korosho, mtu mzito wa maneno, aliapa kwamba ndani mlikuwa na nyuki, na kwamba walinukia moshi wa mashamba yanayochomwa. Dada yangu aliushikilia ule wa mama. Tulibishana mpaka majogoo, tukilia na kucheka. Watoto wetu walikuwa wamelala kitambo.

Jumatatu nilikwenda na rafiki yangu shuleni kurudisha madaftari. Nilimwita mwenye insha ya 31 chini ya mwembe, nikamwonyesha ile aya iliyofutwa.

"Mti ulikuwa unakunywa," nilisema.

Akashtuka. "Samahani, mwalimu. Nilikosea."

Nilimwambia hakukosea, na kwamba katika insha zote 43 hapakuwa na mstari kama ule. Akaniangalia kwa adabu, kama anayesubiri adhabu ipite. Nikamuuliza mti unapokunywa unatoa sauti gani. Alifikiri kidogo, au nilitamani iwe hivyo. Kisha akafungua ukurasa mpya, akaandika tarehe, akaipigia mstari kwa rula, akashika kalamu juu ya karatasi, akasubiri nimsomee jibu.