Kampuni ya Delaware Inapobisha Hodi California

Januari 1971, kampuni ya wanunuzi wa pamba iitwayo Allenberg, ya Memphis katika jimbo la Tennessee, ilikubaliana na mkulima wa Mississippi kununua pamba ambayo ilikuwa bado hata kupandwa. Dalali wa mji mdogo wa Marks ndiye aliyewakutanisha. Wakati wa kukabidhi mzigo ulipofika, mkulima akakataa. Allenberg ikamshtaki kwa kuvunja mkataba, na mahakamani ikakutana na swali lisilohusu pamba wala bei: je, mna cheti cha kufanya biashara Mississippi? Hawakuwa nacho. Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikaamua kwamba, bila cheti, mahakama za Mississippi hazitausimamia mkataba wao.

Shauri hilo linaonyesha kanuni ambayo wageni wengi huijua wakiwa wamechelewa. Marekani haina msajili mmoja wa kampuni. Aliyesajili kampuni BRELA, wakala wa usajili wa biashara wa Tanzania, anaweza kufungua tawi Mwanza au Mtwara. Leseni ya biashara ataitafuta, lakini kampuni yake haisajiliwi upya. Nchini Marekani kila moja ya majimbo 50 huunda kampuni zake, na kampuni iliyoundwa Delaware huhesabiwa kuwa ya nje inapoingia Texas au California. Sheria haijali kama inatoka jimbo jirani au Nairobi: zote mbili huingia kwa utaratibu uleule, yaani kuomba idhini katika jimbo mwenyeji huku zikibaki kampuni za kwao.

Mzizi wake ni wa karne ya 19. Mwaka 1839, katika shauri la Bank of Augusta dhidi ya Earle, Jaji Mkuu Roger Taney alieleza kwamba kampuni huishi pale ilipoundwa na haiwezi kuhama; ikifanya mikataba kwingine, ni kwa hisani ya wenyeji. Karibu miaka 30 baadaye, wakala wa bima wa Petersburg, Virginia, alitozwa faini ya dola 50 kwa kuuza bima za kampuni za New York bila leseni. Alijitetea kwamba kifungu cha Katiba kinamlinda raia wa jimbo moja anapokuwa katika jimbo jingine. Katika hukumu ya Paul dhidi ya Virginia ya mwaka 1869, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kampuni si raia kwa maana ya kifungu hicho. Kuanzia hapo jimbo likawa na haki ya kuweka masharti mlangoni.

Haki hiyo ina mpaka. Katiba hiyohiyo imelipa Bunge la Marekani mamlaka juu ya biashara kati ya majimbo, kwa hiyo jimbo haliwezi kudai cheti kwa mzigo unaopita tu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kazi yote ya wanasheria hapa ni kuamua siku ya tatu imeanza lini.

Sheria ya mfano ya kampuni, ambayo majimbo mengi yameifuata, inajibu kwa kutaja mambo yasiyomfanya mgeni kuwa mwenyeji: kufungua akaunti ya benki, kufanya mkutano wa wakurugenzi, kuuza kupitia mawakala wanaojitegemea, kukusanya oda ambazo lazima zikubaliwe nje ya jimbo ndipo ziwe mkataba, au kufanya shughuli moja inayokwisha ndani ya siku 30 bila kujirudia. California inaligusa swali hilo kwa upande wa pili: anayetakiwa kujisajili ni yule mwenye miamala ya mara kwa mara na ya mfululizo ndani ya jimbo, isiyo biashara kati ya majimbo.

Maneno hayo yanaacha nafasi pana, na hukumu mbili ndizo zinazoipima vizuri. Ya kwanza, ya mwaka 1961, ni ya kampuni ya dawa ya Eli Lilly, ya Indiana, iliyokuwa imefungua shauri New Jersey dhidi ya duka la Sav-On. Dawa zake zilitoka nje ya jimbo na ziliuzwa kwa wauzaji wa jumla tu. Lakini ilikuwa na ofisi Newark, jina lake likiwa mlangoni na katika kitabu cha simu, pamoja na wafanyakazi 18 waliozunguka kwa madaktari na maduka ya dawa kuzinadi. Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikaona hiyo ni biashara ya ndani. Lilly ilihitaji cheti, na bila cheti shauri lake halikusikilizwa.

Allenberg nayo ilifika kwenye mahakama hiyohiyo mwaka 1974, na ikashinda. Tofauti ni nini? Haikuwa na ofisi Mississippi, haikuwa na ghala lake wala waajiriwa, na dalali wa Marks alijitegemea. Pamba ilikuwa njiani kuelekea viwanda vya nje ya jimbo. Ukiziweka hukumu hizi bega kwa bega, unaona kwamba thamani ya mauzo haikuwa kipimo. Kilichopimwa ni mizizi: ofisi, watu na kazi inayofanyika palepale kila siku. Kampuni inayotuma vifurushi kwa wateja wa California kutoka ghala la Nevada kwa kawaida haihitaji cheti hicho. Ikikodi duka Sacramento na kuajiri wauzaji, mjadala umekwisha.

Lakini msajili na mtoza kodi hawatumii kipimo kimoja. Katika hukumu ya South Dakota dhidi ya Wayfair ya mwaka 2018, Mahakama ya Juu iliruhusu jimbo kumtaka muuzaji wa mbali akusanye kodi ya mauzo hata kama hana ofisi humo; sheria ya South Dakota iliweka kizingiti cha mauzo ya dola 100,000 au miamala 200 kwa mwaka. Kutohitaji cheti si msamaha wa kodi.

Tuchukue basi kampuni ndogo ya hisa iliyoundwa Delaware na inayofungua duka California. Kwanza inatazama jina. Likiwa linafanana na la kampuni iliyokwisha kusajiliwa huko, italazimika kutumia jina jingine ndani ya California tu. Pili inaomba Delaware cheti cha kuthibitisha kwamba bado iko hai na haina deni la serikali. Cheti cha kawaida ni dola 50, na California haikipokei kikizidi miezi sita. Tatu inateua wakala wa kupokea hati za mahakama, mwenye anwani ya mtaa ndani ya jimbo, kwa kuwa sanduku la posta halitoshi. Nne inajaza fomu na kuipeleka kwa Katibu wa Jimbo, ambaye ndiye msajili, pamoja na dola 100. Majimbo mengi yana utaratibu wa namna hii, ingawa Arizona na Virginia huupitisha kwenye tume zao za kampuni, na Texas inatoza dola 750.

Wakala ndiye kiini cha utaratibu wote. Anayeumizwa na bidhaa yako, au mfanyakazi usiyemlipa, ajue hati aipeleke wapi bila kusafiri hadi Delaware. Mambo ya ndani ya kampuni, kama uchaguzi wa wakurugenzi na haki za wenye hisa, kwa kawaida huendelea kufuata sheria ya kwao.

Gharama kubwa huja baada ya kuingia. Ndani ya siku 90 California inataka taarifa ya viongozi na anwani, dola 25, kisha kila mwaka. Bodi ya kodi ya jimbo inadai angalau dola 800 kwa mwaka, faida iwepo isiwepo. Mwaka wa kwanza kiwango hicho cha chini husamehewa, lakini si kodi ya faida yenyewe. Delaware nayo haijamsahau mtoto wake: ripoti ya mwaka ni dola 50 na kodi ya chini ni dola 175. Jumla, kuanzia mwaka wa pili, ni dola 1,050 kila mwaka kabla ya kumlipa wakala yeyote.

Na asiyejisajili? Askari hawaji. California inaweza kutoza dola 20 kwa kila siku ya biashara bila idhini, hadi dola 10,000. Texas, kwa aliyepitisha siku 90, inadai ada ya kuchelewa inayolingana na ada ya usajili kwa kila mwaka au sehemu ya mwaka. Aliyechelewa miaka mitatu kamili atalipa dola 3,000 badala ya 750. Kinachouma zaidi ni mlango wa mahakama. Mkataba wako haufi, na ukishtakiwa unaweza kujitetea, lakini huwezi kumdai aliyekudhulumu hadi ulipe na ujisajili. Ndiyo maana kosa hili huweza kulala miaka mingi, likaamshwa na mdaiwa wako siku unapomfuata mahakamani.

Kujisajili nako kuna bei isiyoandikwa kwenye fomu. Sheria ya Pennsylvania inasema kampuni iliyojisajili humo imekubali kushtakiwa humo kwa jambo lolote. Katika hukumu ya Mallory dhidi ya Norfolk Southern ya mwaka 2023, mfanyakazi wa reli aliyefanya kazi Ohio na Virginia alishtaki Pennsylvania kampuni ambayo wakati huo ilikuwa ya Virginia. Mahakama ya Juu, kwa 5 dhidi ya 4, ikaona Katiba haimzuii. Kujisajili kila jimbo kwa tahadhari tu si busara.

Kwa mwenye duka moja na asiyetafuta wawekezaji, hesabu inaelekea upande mmoja: aunde kampuni palepale alipo na auache umaarufu wa Delaware kwa wenye sababu nayo. Anayetanuka majimbo kadhaa aorodheshe ofisi, waajiriwa na maghala yake, ajisajili penye mizizi kabla ya mkataba wa kwanza. Akifunga tawi, apeleke hati ya kujiondoa, maana kufunga duka hakumfuti kwenye daftari la jimbo, na California itaendelea kumdai zile dola 800.