Chokaa ya Beit al-Ajaib

Anayeingia Unguja kwa boti kutoka Dar es Salaam haulizi mji unaanzia wapi. Kwa zaidi ya miaka mia moja, kitu cha kwanza kumkamata jicho pale Forodhani kilikuwa Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu: orofa tatu nyeupe, roshani pana zikilizunguka jumba, nguzo nyembamba za chuma zikipanda kutoka chini hadi juu, na mnara wa saa mbele ukiitazama bahari. Tangu Desemba 25, 2020 picha hiyo ina pengo. Siku ile, katikati ya kazi ya ukarabati, sehemu kubwa ya upande wa mbele iliporomoka pamoja na mnara wake. Watu wawili walifariki.

Wanaolisimulia jumba hili kwa kawaida huanza na umeme na lifti. Si bure. Ndilo jengo la kwanza Zanzibar kuwashwa taa za umeme, na lifti yake hutajwa kuwa ya kwanza Afrika Mashariki. Maajabu ya jina lake husemwa yametoka huko. Lakini lifti haikusimamisha ukuta hata mmoja. Jumba lilisimama kwa sababu kulikuwa na watu waliojua kuchoma jiwe likawa chokaa, na kuichanganya hiyo chokaa ikashika jiwe na lenzake karne nzima kando ya maji ya chumvi. Hao hawasimuliwi.

Seyyid Barghash bin Said, sultani aliyetawala Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alikuwa mtu wa kujenga. Kimbunga cha mwaka 1872 kilimkuta hajatimiza hata miaka miwili kitini, kikafyeka mikarafuu na minazi ya Unguja. Mwaka uliofuata, kwa shinikizo la Waingereza, alitia saini mkataba uliolifunga soko la watumwa. Mwaka 1875 alisafiri hadi Uingereza na Ufaransa. Alikwisha kuijua Bombay tangu ujana wake, alipopelekwa huko uhamishoni baada ya kushindwa katika jaribio la kunyakua kiti cha usultani. Mtu aliyeona huko kote hakutosheka na majumba aliyoachiwa na baba yake. Akaleta maji ya chemchemi mjini kwa mabomba, akajenga kasri la Maruhubi, na mwaka 1883 akasimamisha Beit al-Ajaib, jumba la sherehe na la kupokelea wageni, karibu na majumba mawili mengine ya kifalme, Beit al-Sahel na Beit al-Hukm. Yaliunganishwa kwa wikio, yale madaraja ya juu yaliyofunikwa, ili watu wa ndani wapite bila kushuka njiani.

Michoro yake inahusishwa na mhandisi wa meli, Mwingereza. Mtu akilitazama haoni ajabu: zile roshani ndefu zenye vizuizi vya chuma zina sura ya sitaha. Lakini mhandisi hachomi chokaa.

Kazi yenyewe ilianza mbali na michoro, kwenye tanuu. Tanuu la chokaa la Unguja halihitaji jengo. Magogo hupangwa duara, tabaka juu ya tabaka, yakaachiwa tundu katikati. Juu yake hupakiwa mawe ya matumbawe, kisha moto hutiwa kupitia lile tundu. Kuni zikishakwisha, yale mawe yaliyokuwa ya kijivu yameshuka katikati ya majivu, meupe, mepesi kuliko yalivyopanda. Yakimwagiwa maji yanachemka yenyewe, yanapasuka na kufuka moshi, hadi yawe unga. Fundi hasogezi uso karibu wakati huo. Chokaa changa inakula ngozi na inapofua macho. Unga huo huchungwa, huloweshwa, kisha huachwa shimoni. Kadiri chokaa inavyokaa na maji yake ndivyo inavyolainika na kunata, ndiyo maana fundi wa zamani hakukubali kuharakishwa.

Ukuta wa Mji Mkongwe, sehemu ya kale ya mji lilipo jumba hili, una unene wa nusu mita na zaidi, na jiwe lake halikuchongwa. Ni mawe ya matumbawe yasiyolingana, yanayopangwa kwa jicho na kuzibwa mapengo kwa vijiwe vidogo. Kinachoyafanya yawe ukuta ni ule mchanganyiko wa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Haugandi kwa siku moja kama saruji. Unavuta hewa polepole na kurudi kuwa jiwe, na ndani ya ukuta mnene safari hiyo inachukua miaka. Ukuta wa namna hii una adabu zake: unyevu wa masika unaingia na kutoka, chumvi inatoka na lipu, na nyufa ndogo hujiziba kwa chokaa inayoyeyuka na kuganda upya.

Juu ya kuta ndipo boriti huingia. Kigogo cha mkoko kinachofaa kulaliwa na dari kina urefu wa mita mbili na nusu hadi tatu, na kipimo hicho ndicho kilichoamua sura ya kila nyumba ya mawe kuanzia Lamu hadi Kilwa. Tajiri aweza kurefusha chumba chake atakavyo, lakini upana wake umeshakatwa na mti wa kwenye tope. Ndiyo asili ya vyumba vile vyembamba, virefu, ambavyo mgeni hudhani ni mapenzi tu ya watu wa pwani. Juu ya boriti hupangwa mawe bapa, juu ya mawe humwagwa zege la chokaa, na hapo huanza kazi ya kupiga sakafu: watu wamejipanga mstari na virungu vya miti, wanapiga na kunyunyiza maji, wanapiga tena, siku baada ya siku, kwa nyimbo zinazoshikilia mapigo. Wanaacha sakafu inapotoa sauti ya jiwe. Hakuna mashine iliyowahi kuipiga vizuri zaidi.

Beit al-Ajaib lilivunja sheria ya boriti, na hapa ndipo lilipokuwa jipya kwelikweli. Mihimili ya chuma iliyoletwa na meli iliruhusu kumbi pana na dari za juu ambazo hakuna mkoko ungeweza kuzibeba. Nguzo za chuma zikabeba roshani. Mawe ya matumbawe, zege, boriti na chuma vikakutana katika jengo moja. Katikati ukaachwa ua mkubwa, wenye ushoroba kila orofa, na sakafu zikatandazwa marumaru. Mtu wa mjini aliyezoea chumba cha boriti aliingia hapo akajikuta kwenye nafasi asiyoweza kuipima kwa mazoea yake. Ajabu hiyo, kwa maoni ya mwandishi huyu, iliishinda taa ya umeme.

Milango nayo ilikuwa kazi ya mikono mingine. Fundi seremala wa pwani hugawa mlango kwa sehemu zake: miimo ya pembeni, kizingiti cha juu, na mfaa, ule mti wa katikati unaofunika ungio la mbao mbili. Kila sehemu ina nakshi zake: mkufu kuzunguka fremu, mawimbi na samaki chini, mayungiyungi na majani juu. Milango ya Beit al-Ajaib ni miongoni mwa mikubwa kabisa ya kuchonga katika pwani hii, na aya za Qur'ani zilizochongwa juu yake ziliwahi kupakwa rangi ya dhahabu.

Majina ya waliochonga, waliochoma na waliobeba hayakuandikwa. Hilo halipaswi kupitwa haraka. Soko la watumwa lilikuwa limefungwa miaka kumi kabla, lakini utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria Zanzibar hadi mwaka 1897, na ufundi wa mji huu ulikwenda bega kwa bega na kazi ya watu wasio huru. Kulisifu jumba bila kulitaja hilo ni kusifu nusu yake.

Agosti 27, 1896, saa tatu asubuhi, manowari za Kiingereza zililielekezea mizinga. Seyyid Hamad bin Thuwaini, sultani wa wakati huo, alikuwa amefariki siku mbili kabla, na Khalid, mtoto wa Barghash, alikuwa amejitwalia kiti bila ridhaa ya Waingereza. Vita vizima havikufika saa moja. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, mamia ya watu wakawa wameuawa au kujeruhiwa, na Beit al-Hukm likabaki kifusi. Mnara wa taa uliosimama mbele ya majumba uliharibika. Beit al-Ajaib lenyewe halikuanguka. Mwaka 1897 lilipotengenezwa, mnara mpya wa saa ukaunganishwa na uso wake. Ndio huo ulioporomoka mwaka 2020. Kasri la Maruhubi, ambalo juu lilikuwa la mbao, liliungua mwaka 1899, na kilichobaki hadi leo ni nguzo na kuta za mawe na chokaa.

Baada ya hapo Beit al-Ajaib lilibadilisha wenyewe mara nyingi. Kuanzia mwaka 1911 lilikuwa ofisi za serikali ya Kiingereza. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likawa mikononi mwa chama cha Afro-Shirazi. Mwishowe likawa makumbusho. Katika ua wake kiliwekwa chombo cha mtepe kilichoundwa mwaka 2003, mbao zake zikiwa zimeshonwa kwa kamba bila msumari. Mwaka 2012 sehemu ya roshani ilianguka, jumba likafungwa. Mwaka 2014 lilitajwa katika orodha ya World Monuments Fund ya majengo yaliyo hatarini. Mji Mkongwe wote ulikuwa umeshaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000.

Chuma cha pwani kina ugonjwa mmoja unaojulikana. Kikishika kutu kinavimba, na kikivimba ndani ya ukuta kinapasua jiwe lililokizunguka. Ufa unaingiza maji, maji yanaongeza kutu. Ukuta wa chokaa hutengenezwa kila mara kwa niru, ile chokaa ya kupaka, na lipu mpya, na watu wa mjini walijua kufanya hivyo kabla ya kila masika. Mhimili uliofichwa ukutani haumwambii mtu kitu hadi siku ya kuvunjika. Barghash alinunua chuma. Desturi ya kukikagua haikuletwa na meli.

Kosa jingine ni la zama zetu, nalo liko katika nyumba nyingi za Mji Mkongwe. Lipu ya zamani inabanduliwa, inapakwa saruji. Kwa mwaka wa kwanza ukuta unapendeza. Kisha unyevu unakosa njia ya kutoka, chumvi inajikusanya nyuma ya lile ganda gumu, matumbawe yanageuka unga, na siku moja ganda linabanduka kipande kizima likiwa limeshika mawe yake.

Kwamba kazi inaweza kufanywa vizuri si ndoto. Mwendo mfupi kutoka Beit al-Ajaib, kwenye barabara ileile ya Mizingani, ipo Zahanati ya Zamani, iliyoanzishwa na tajiri Tharia Topan mwaka 1887 na kumalizika mwaka 1894, yeye akiwa ameshafariki. Miaka ya 1990 ilikuwa imechakaa vibaya. Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan ikairejesha, na katika kazi hiyo mafundi wa Unguja walifunzwa upya chokaa na uchongaji wa roshani. Imesimama.

Wanaosimamia kujengwa upya kwa Beit al-Ajaib watapimwa na watu kwa saa na mnara, maana ndivyo vinavyoonekana kutoka baharini. Lakini wawape vijana wa Unguja nafasi ya kufundishwa tanuu, niru na sakafu ndani ya kazi hiyohiyo, si baada yake. Na mwenye nyumba ya mawe Shangani, Malindi au Kiponda anayefikiria kupiga lipu mwaka huu, kabla ya kununua mfuko wa saruji amtafute fundi wa chokaa, amuulize chokaa yake imekaa shimoni muda gani.