Hodi ya Jangwani

Msafiri hodari wa jangwani humjui njiani. Utamjua nyumbani kwake, miezi minne au mitano kabla hajaondoka, ameinamia meza, ramani imetandazwa, penseli mkononi, akihesabu chemchemi. Ufundi wake unaanzia hapo, na unastahili sifa kuliko unavyopewa.

Chukua mfano wa Grand Canyon, katika jimbo la Arizona, Marekani. Kutoka ukingo wa kusini, ulio kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, mpaka Mto Colorado kule chini, mtu huteremka zaidi ya mita 1,300, na kadiri anavyoshuka ndivyo joto linavyopanda. Kiangazi hupita nyuzi 40. Anayetaka kulala huko chini na mzigo wake mgongoni lazima awe na kibali, nacho kibali hicho hutaja usiku mmoja mmoja na eneo lake: usiku wa kwanza Hermit Creek, wa pili Monument Creek, na kuendelea. Kikundi kidogo hakizidi watu 6, kikubwa hakizidi 11. Moto wa kuni ni marufuku. Chakula kinapikwa kwa jiko dogo la gesi. Na kwa kuwa waombaji ni wengi kuliko nafasi, maombi ya mapema huingizwa kwenye bahati nasibu.

Wapo wanaoiona fomu ya kuombea kibali hicho kuwa usumbufu. Wanakosea. Mgeni mwenye adabu hubisha hodi kabla ya kuingia, na kwa kubisha hodi hupata nafasi ya kuambiwa mbwa amefungwa wapi na kisima kiko upande gani. Tena jangwa hilo lina wenyewe. Mahali pa kupumzika kwenye njia ya Bright Angel palipoitwa Indian Garden palipewa jina la Havasupai Gardens mwaka 2022, kwa heshima ya Wahavasupai waliokuwa wakilima hapo. Mkazi wa mwisho miongoni mwao aliondolewa mwaka 1928. Maporomoko yao mashuhuri ya maji yamo katika ardhi ya kabila, na kuyafikia kunahitaji ruhusa ya kabila lenyewe. Wanavajo na Wahualapai nao wana vibali vyao. Karatasi ya hifadhi ya taifa haifungui milango hiyo.

Lakini uzuri mkubwa wa fomu ni kwamba inamlazimisha mtu kufikiri. Ukiandika utakapolala, umeshajiuliza utakunywa nini. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na mtembeaji wa jangwani huhitaji lita nne au zaidi kwa siku. Maji ya siku tatu pekee ni kilo 12 kabla hajapakia hata punje ya mchele. Basi safari hupangwa kwa kufuata maji. Kwenye njia ya Tonto, kutoka Monument Creek hadi Havasupai Gardens ni zaidi ya kilomita 15. Katikati kuna Horn Creek, kijito ambacho kwenye ramani kinaonekana kama rehema. Maji yake yana mionzi, kwa sababu juu yake kuna mgodi wa zamani wa urani uliofungwa mwaka 1969, na hifadhi inawaonya watu wasiyanywe. Mpangaji makini hulijua hilo mezani, chupa zake zikiwa bado kabatini.

Hata hivyo kibali hakizuii mvua. Septemba 14, 2015, watu saba walikufa katika korongo jembamba la Keyhole, hifadhi ya Zion, jimbo la Utah, maji ya ghafla yalipowakumba. Kibali walikuwa nacho, na tahadhari ya mafuriko walipewa. Kwa hiyo mpango mzuri huwa na siku ya akiba, na ndani yake ujasiri wa kusema: leo hatuendi.

Jambo jingine ni kuaga. Aprili 2003 Aron Ralston aliingia peke yake katika Bluejohn Canyon, Utah, bila kumwambia mtu yeyote anakokwenda. Jiwe likambana mkono. Alikaa zaidi ya siku tano, kisha akaukata mkono wake mwenyewe ili atoke.

Wapo pia waliojiandaa vyema. Mwaka 1963 Colin Fletcher, mzaliwa wa Wales aliyewahi kuishi Kenya baada ya Vita Kuu ya Pili, alitembea urefu wote wa hifadhi ya Grand Canyon kwa mipaka ya wakati huo, akitumia karibu miezi miwili. Kabla ya kuondoka alipanga akiba za chakula, nyingine zikafichwa mapema, nyingine zikadondoshwa kwa ndege. Kuhusu njia alimwendea Harvey Butchart, mwalimu wa hisabati mjini Flagstaff, ambaye katika maisha yake alitembea korongoni humo zaidi ya kilomita 19,000, na kila aliporudi aliketi kuandika alikopita. Butchart alifariki mwaka 2002. Maandishi yake yamehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Northern Arizona, na wanaojiandaa kushuka korongoni wanayasoma mpaka leo.